Udongo Uliokata Kona

Jumanne moja ya kiangazi, saa tatu asubuhi, mshonaji alikuwa dirishani akitia oili kwenye cherehani yake alipoona udongo wa shamba lake ukiondoka. Haukutimka ovyo kama vumbi la kawaida. Ulinyanyuka mwembamba kama pazia, ukapita juu ya uzio, ukafika njia panda na kukata kona ya kushoto. Akamaliza kutia oili, akafunika mashine, akaenda kumwita bwana shamba. Upepo ni upepo, lakini upepo unaokata kona una aliyeutuma.

Bwana shamba akachuchumaa na mabuti yake, akachota kiganja. Mchanga mtupu.

"Upepo mjanja, mama. Punje nzito zinarukaruka tu hapa chini, zikianguka zinagonga nyingine, na ule udongo laini, wenye rutuba, ndio unaopaa. Wewe unaachiwa makapi. Mabua ya mahindi umepeleka wapi?"

"Nilichoma."

"Ndiyo hayo sasa. Yaache yasimame. Piga matuta yaukingame upepo, tandaza nyasi. Na hapa mpakani, mbona kama palikuwa na miti?"

"Mivinje kumi na minne. Marehemu aliipanda mwaka tuliooana. Shemeji anasema ililiwa na mchwa."

Bwana shamba akavitazama visiki, vilivyokatwa sawasawa kama mkate. "Mchwa wenye msumeno," alisema, kisha akakohoa kama mtu aliyesema kupita kiasi. Shemeji alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi.

Mshonaji alikuwa na shaka hiyo siku nyingi. Miaka miwili nyuma alikaa hospitali miezi miwili akimuuguza mumewe. Kila asubuhi mgonjwa aliuliza kama miti inahimili upepo, naye alimjibu inahimili. Aliporudi na jeneza, palikuwa peupe. Msibani nani anauliza habari za miti? Akameza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yeye alizijua. Ila hakuwa amepata pa kuanzia kufumua.

Kesho yake udongo ulipoinuka, akaufuata. Ulikwenda mwendo wa mtu mzima, ukimngoja kidogo kwenye mwinuko. Ulipita shamba la jirani bila kuacha hata punje, ukaingia nyumbani kwa shemeji kupitia tundu la ufunguo. Mshonaji akabisha hodi. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi hapo, akafungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila angalia kichwa. Matawi yameshuka leo."

Ndani ilisimama mivinje kumi na minne ya udongo. Mitatu ilitoka kwenye meza ya chakula, minne kwenye kabati, miwili kwenye fremu ya mlango, na iliyobaki ilionekana chumbani, imekizunguka kitanda kipya. Kila mmoja uliota pale mbao zake zilipo. Vijani vyake vya vumbi vilitikisika, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Mama mkwe alikuwa ameanika soksi kwenye tawi la chini.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kiangazi cha mwaka jana. Nimefagia mpaka nimechoka. Ukiufagia unarudi, tena mrefu zaidi."

Shemeji akatoka chumbani akijipangusa mabega.

"Ah, shemeji! Karibu kivulini."

"Mchwa wako wanajua useremala."

"Na wewe nawe. Mtu alikuwa anakata roho, miti ingemfaa nini?"

"Aliiulizia mpaka asubuhi ya mwisho. Nikamwambia ipo."

Mama mkwe akageuka kuzipapasa soksi, ambazo zilikwisha kukauka.

Mshonaji akapeleka malalamiko kwenye kamati. Wajumbe watano walifika, wakainama chini ya matawi, wakapima kwa futi kamba. Mwenyekiti aliwakaribisha, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake, akaongoza kikao, kwa kuwa kamati nayo ilikuwa yake. Katibu aliandika akiegemea ile meza: miti kumi na minne imeonekana, ina afya, haikukatwa, imehama, shauri limefungwa. Bwana shamba alitakiwa kuthibitisha. Alitia sahihi bila kuinua macho.

Mwaka ule mshonaji hakuchoma mabua. Alipiga matuta yaliyoukingama upepo, akatandaza nyasi, akapanda miche ya mivinje mpakani, kila mmoja urefu wa sindano ya kushonea magunia. Bwana shamba alikuja kusaidia kuchimba mashimo, hakutaka hata maji ya kunywa, akasema itachukua miaka sita kabla haijazuia upepo. Nusu ya udongo ikanasa kwenye mabua na kubaki. Nusu nyingine iliendelea kuondoka kila asubuhi na kukata kona.

Kila Jumamosi mshonaji huenda kwa shemeji na gunia kuchukua udongo wake. Mama mkwe humshikia mdomo wa gunia, naye hutikisa matawi, kisha hufagia hadi chini ya meza, ambako shemeji huwa amekaa kivulini akisoma gazeti.

"Inua miguu, shemeji."

Shemeji huinua miguu, hungoja ufagio upite, kisha hufungua ukurasa mwingine.