Mdaiwa wa Nne

Wachuka alikuwa mtu wa kumaliza jambo kabla chai haijapoa, lakini asubuhi hiyo, katika ofisi ya wakili Theuri mjini Nyeri, alisoma karatasi ileile mara nne na bado hakuelewa ilikuwa ikimwambia nini.

Kwa miezi mitano alikuwa akimtafuta mwenye lori lililomgonga binti yake. Nduta, wa miaka kumi na minne, alikuwa akitoka shuleni Giakanja pale lori la nyasi kavu kutoka Timau lilipokosa breki na kumbana ukingoni mwa barabara. Mguu wa kushoto ukatiwa vyuma. Daktari alisema bila upasuaji wa pili mguu ungebaki mfupi na mtoto angechechemea maisha yake yote. Upasuaji huo ulingoja fidia. Baba yake Nduta alishajiendea zamani, na duka la Wachuka la chakula cha mifugo huko Wamagana halikuwa na kitu tena cha kukamua.

Dereva alimtaja tajiri wake, Koome wa Timau. Koome akawaambia polisi lori si lake, amekodi tu. Wakaangalie logibuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina la nani. Theuri akaomba rekodi serikalini, nayo ikaja. Mwenye gari: Kikundi cha Akina Mama Wema, Wamagana.

“Mama Nduta, unawajua hawa?” wakili akauliza.

Aliwajua. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wao.

Yakaanza kumrudia vipande vipande. Lori la bluu la kubebea viazi. Waliliuza miaka saba iliyopita kwa Koome huyohuyo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole, ila wenye jina hilo huko Meru wamejaa, na lori lililomgonga Nduta lilikuwa jeupe; hakujua limepakwa rangi upya. Siku ya kuuza waliandikiana ukurasa mmoja, wakala mkate, mwenyekiti wao Karwitha akafunga kwa maombi. Koome akaondoka na lori na ukurasa wenyewe, akiahidi kuleta nakala na kubadilisha jina wiki iliyofuata. Nani angemfuata kwa karatasi mtu waliyetoka kuomba naye? Na yeye Wachuka ana diploma ya ukatibu, imetundikwa dukani juu ya magunia ya pumba.

Theuri alimweleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Bima ingelipa tu mahakama ikishasema lori lilikuwa la nani. Wakimshtaki Koome peke yake, angeruka kimanga na kesi ingeanguka. Afadhali washtakiwe wote: dereva, Koome, mwenyekiti na katibu.

“Yaani nijishtaki?”

“Hapana. Mtu hawezi kuwa mdai na mdaiwa. Utafute mtu mzima amsimamie mtoto, akushtaki wewe.”

Alishuka ngazi akihesabu upya nani amemkosea nani, na kila mara hesabu ilimrudisha kwake. Alimpigia Karwitha simu. Karwitha akauliza kama hawawezi kumwita Koome waombe naye tena. Wachuka akakata simu.

Alimkuta kaka yake, Gathogo, shambani akichuma majani chai. Alisikiliza hadi mwisho bila kuweka kikapu chini.

“Hebu nielewe. Umelipa nauli kuja kuniomba nikupeleke kortini?”

“Ndiyo.”

“Ati wewe. Tangu utotoni niko na kesi nyingi na wewe, na hujawahi kukubali hata moja.”

“Gathogo, sina wakati wa mzaha.”

“Nikishinda?”

“Nduta atapasuliwa.”

“Na wewe je? Duka?”

Wachuka alitazama majani kikapuni. Wakili alikuwa amelieleza na hilo, naye alidhani amelielewa mpaka alipofika barabarani, likamponyoka. “Sijui,” akasema. Kaka yake hakuwa amewahi kumsikia akilitamka neno hilo.

“Jumapili nikuombee ushinde au ushindwe?”

Wachuka akamnyoshea karatasi za wakili. Gathogo akatua kikapu, akafuta utomvu wa majani mikononi, akatia sahihi.

Wiki tatu baadaye mjumbe wa mahakama alisimama mbele ya kaunta ya duka. Nduta, mwenye magongo, aliichukua bahasha kabla ya mama yake na kusoma yote yaliyomo, midomo ikichezacheza.

“Mami,” akasema, “jina la mjomba liko huku, lako liko huku chini. Wameandika kwa uzembe wenu lori lilinigonga. Ni wewe ulinigonga?”

Wachuka akafungua mdomo. Akaanza na viazi, akaacha. Akaanza na Koome, akaacha. Mjumbe alikuwa akitazama nje, kwa adabu.

“Nipe kalamu,” akamwambia mjumbe. “Na wewe Nduta keti, mguu utafura.”

Akatia sahihi kwenye nafasi ya mdaiwa wa nne, kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni.