Kostiki ya Mfaume

Mwaka ule sabuni ilipoadimika Tabora nzima, hata duka la ushirika likabaki na viberiti na maneno matupu, Mfaume aliamua kuwa mkemia. Miaka kumi na minane alikuwa akiosha chupa kwenye maabara ya sekondari, na kuosha chupa kukampanda kichwani. Alirudi nyumbani na dumu la mawese ya Kigoma, na kopo la kostiki, dawa kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, alilolichukua bila ruhusa.

"Si Mwalimu Raymundi aliwakataza?" mkewe Sikuzani alimwuliza. "Alisema hiyo haitoki maabara."

"Mwalimu wa kemia gani yule! Ananionea wivu tu. Nipe chombo."

Chombo kipi? Kule maabara kuna vyombo vya kioo vyenye lebo, madirisha mapana, na bomba pale pale mezani. Hapa palikuwa na sufuria moja ya alumini, na kostiki aliyoikoroga humo kwa maji ikaanza kuila kwa povu na moshi. Mfaume, huku akikohoa, akaimimina haraka kwenye birika la shaba, akaliweka nyuma ya mlango wa uani, akaenda kwa jirani kuazima chungu cha chuma.

Nyumba za Waislamu pale mtaani, birika la nyuma ya mlango ni la udhu. Adhana ya adhuhuri ilipolia, mama yake Mfaume, Bi Mwanamkuu, alilichukua. Kwa haraka ya swala alianzia usoni.

Sikuzani alisikia yowe, akakimbilia mtungi. Mlikuwa na kata mbili tu za maji. Bomba la mtaa lilikauka tangu juzi. Aliyamwaga yote usoni pa mkwewe, kisha akawa anagonga milango ya watu akilia maji, maji. Hospitalini mganga aliuliza kama walimwosha papo hapo kwa maji mengi. Sikuzani akasema, kata mbili.

Bi Mwanamkuu hakuona tena. Mwezi wa pili baada ya hapo Mwalimu Raymundi alikuja kumjulia hali, akamkuta amejitanda kanga mpaka machoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Yamekuwaje?"

"Marahaba, baba. Uzee tu, macho yamechoka." Alijua ukweli ungemfukuzisha mwanawe kazi.

Mwalimu akampa na Mfaume pole. Mfaume akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Ni mipango ya Mungu, mwalimu."

Sikuzani alikuwa amevumilia mengi, ila hilo lilimshinda. Alimchukia mumewe pale pale.

"Mungu hakuiba kostiki," alisema.

Bi Mwanamkuu akanyoosha mkono haraka amzibe mdomo, akapapasa huku na kule, asimpate.