Kanda ya Harusi

"Walirekodi harusi juu yake, dada," mtunza kanda alisema, akiikung'uta kanda vumbi kana kwamba kosa lilikuwa la vumbi. "Ya binti wa mkurugenzi. Mwaka ule kanda mpya hazikuwepo."

Bi Kumbukumbu, kama walivyomwita kazini kwa utani wenye sumu kidogo, aliketi juu ya boksi la nyaya. Nusu saa baadaye angemhoji Waziri uso kwa uso, mbashara. Miaka kumi na saba nyuma, Waziri huyo aliahidi hospitali mbele yake, katika studio ile ile, na mahojiano yakarekodiwa kwenye kanda hiyo. Juzi alitangaza kwamba hakuahidi kitu, ni maneno ya wambea. Hospitali yenyewe ni msingi ulioota nyasi, na wagonjwa pekee waliowahi kulazwa pale ni mbuzi.

Mkurugenzi alishamwonya koridoni: "Ukimbana bila ushahidi, kesho njoo na sanduku la kubebea vitu vyako."

"Harusi ilichukua muda gani?" aliuliza.

"Unataka kuangalia harusi saa hizi?"

"Nijibu, mdogo wangu."

"Dakika hamsini hivi. Umeme ulikatika, mpiga picha akaenda kula, hakurudi."

Bi Kumbukumbu akanyanyuka taratibu. Mahojiano yale yalikwenda saa nzima. Dakika kumi za mwisho hazikufutwa, na Waziri hajawahi kuaga tu chini ya dakika kumi.

"Iweke dakika ya arobaini na tisa," alisema. "Usimwambie mtu."

Studioni, Waziri alikuwa amepakwa poda mpaka paji la uso likawa kama ukuta uliopigwa chokaa jana.

"Mheshimiwa, ile hospitali?"

"Dada yangu, niliiahidi lini? Kama mna ushahidi, onyesheni. Wananchi wamechoshwa na porojo."

"Naam. Mitambo, tuwekeeni kanda."

Kwenye skrini akatokea mkurugenzi, mwembamba wa enzi hizo, akicheza na mashemeji huku suruali inamshuka. Nyuma yake shangazi mmoja akapita na sahani mbili, zote zake.

Waziri alicheka hadi kiti kikalia. "Ndiyo ushahidi wenu huo? Basi hongera kwa maharusi."

"Toa hicho kitu," mkurugenzi alifoka kwenye kifaa cha sikioni, kutoka ofisini kwake ghorofani. "Toa, nakwambia."

Bi Kumbukumbu hakutoa.

Taa za ukumbi wa harusi zikazimika. Mistari myeupe ikapita. Kisha akatokea Waziri, na nywele zake zote.

"Miaka miwili tu," alisema yule wa kwenye kanda, akijipiga kifua. "Ikipita bila hospitali, nifuate popote nilipo, uniulize."

Bi Kumbukumbu aliweka karatasi zake chini.

"Mheshimiwa," alisema, "nimekuja."

Sikioni mkurugenzi alikuwa anapiga kelele waende kwenye matangazo, na chumba cha mitambo kizima kilikuwa kinakitafuta kitufe walichokibonyeza kila siku kwa miaka kumi.

Mpiga picha wa studio, ambaye mkewe alijifungulia kando ya barabara, hakutafuta kitu. Alivuta lenzi karibu, polepole, mpaka uso wa Waziri ukajaa skrini. Tone moja la jasho likatoka chini ya nywele chache zilizobaki, likasita kwenye paji la uso, kisha likaanza kushuka ndani ya poda, likitafuta pa kupita.