Misuli ya Jerop

Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Yamumbi, Jerop alishindwa kukamua blanketi. Lilikuwa blanketi la mtoto tu. Alilisokota, maji yakatiririka kidogo, yakakoma. Nanzala, mfanyakazi wake wa nyumbani, alilipokea akalizungusha mara moja, likabaki kama kamba. Hapo ndipo Jerop alipouona msuli wake kwenye bega la Nanzala.

Hakuwa na shaka. Ulikuwa ule wa kushoto, unaorukaruka ukichoka, alioujenga kwa kurusha tufe shule ya upili.

"Huo ni wangu," alisema.

Nanzala aliutazama. "Ndio, Mama Kipyego. Ulikuja juzi. Wa kulia ulitangulia."

Jerop alikuwa akijidunga sindano ya kupunguza uzito kila wiki. Njaa ilikwisha. Asubuhi alikunywa chai, mchana akasahau kula, jioni akaonja ugali kwa ncha ya vidole. Nguo zilimlegea na walimu wenzake wakamsifu.

Wabuge, muuguzi wa kliniki iliyompa sindano hizo, alimbinya mikono yote miwili. Alimkumbusha aliyomwambia siku ya kwanza: mwili ukipata chakula kidogo hula mafuta, na misuli pia. Alipaswa kula mayai, maharagwe au maziwa katika kila mlo, na kuinua vitu vizito kila wiki. Misuli isiyopewa kazi huenda kuitafuta. Kisha akauliza nani huinua vitu nyumbani.

"Nanzala."

"Basi haijaenda mbali."

Jerop alichemsha mayai, akala nusu ya moja. Alinunua vyuma vya mazoezi, akaviweka sebuleni, akavinyanyua Jumatatu moja tu. Baada ya hapo Nanzala alivisogeza kila asubuhi ili apige deki chini yake, na mwezi ulipokwisha misuli ya mapaja ya Jerop nayo ilikuwa imemfuata.

Gideon, mumewe, hakuona hasara. Alisema nguvu bado zimo humo humo nyumbani, na siku hizi mtungi wa gesi unatoka getini hadi jikoni bila kuita mtu. Jerop alimwambia amekuwa akiitazama sana hiyo mikono.

"Nimeizoea, Jerop," alisema Gideon. "Sasa nifanyeje?"

Jerop alianza kuyafungia mayai kabatini, Nanzala asiyapate. Lakini msuli wa bega ulipoanza kunywea aliyatoa tena, kwa kuwa ulikuwa bado mali yake. Nanzala alipokula githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, Jerop aliketi mbele yake akihakikisha sahani imekwisha, na kila kijiko kilimuuma.

Kilichomuuma zaidi ni mwanawe, Kipyego. Mtoto huyo alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na tangu kuzaliwa alilala kwenye misuli ile. Sasa Jerop alipompakata, mtoto alimbonyeza mkono kwa kidole, kama mtu anayechagua parachichi sokoni, kisha akateremka akaenda jikoni. Huko alilala mara moja, shavu lake juu ya bega la kushoto la Nanzala.

Pasaka ilipokaribia, Nanzala aliomba ruhusa aende Kimilili, kaunti nyingine, kumwona binti yake, Linet, anayelelewa na nyanyake. Ruhusa hiyo alikuwa ameahidiwa Krismasi, ikaahirishwa. Jerop alimjibu kwamba vitu vya nyumba hii haviwezi kutolewa nje ya kaunti.

"Kwenda, nenda," alisema. "Lakini misuli yangu uiache."

Nanzala alijaribu kwa moyo mweupe. Alikaa kitandani mwake akaisugua mikono kwa mafuta ya kupikia ili aitenganishe, lakini ya Jerop ilikuwa imeshikana na yake kama nywele zilizosukwa. Hakwenda.

Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka nyanya ndiye aliyemleta Linet Yamumbi. Mtoto aliingia getini akikimbia, mikono juu, tayari kunyanyuliwa. Jerop alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Msalimie mtoto wako," alisema. "Ila usimbebe nayo. Hiyo ni ya Kipyego."

Nanzala alipiga magoti kwenye nyasi, akaiweka mikono nyuma ya mgongo, na Linet akamkumbatia shingoni mwenyewe. Nyanya aliletewa kiti na chai. Aliuliza kama mvua imenyesha vizuri upande huu, akajibiwa kwamba imenyesha.

Ndani ya nyumba Kipyego aliamka, akalia. Jerop alipiga hatua moja kuelekea chumbani, kisha akasimama, akangoja. Nanzala alimbandua Linet shingoni taratibu, akajifuta magoti, akaingia kumbeba.