Pikapu Isiyo na Masizi

Kesho yake kikundi cha wafinyanzi wa Matema kingeweka saini na kuchukua pikapu nyeupe kwenye yadi ya Hezroni, Kyela mjini, na Anyisile ndiye aliyeulizwa kama ni nzima. Miaka mitano akina mama wale walijinyima ili vyungu vyao viache kuvunjikia kwenye bodaboda. Akikosea, shangazi yake Andongwisye, mwenyekiti wao, atawatazamaje wenzake usoni?

Pikapu ilitoka Uingereza, ambako magari hukaguliwa kila mwaka na matokeo huwekwa mtandaoni. Anyisile alikuwa amepata maktaba ya msimbo wa kompyuta, kazi iliyokwisha kuandikwa na waandaa programu wengine. Ukiipa namba ya gari, inakwenda kukuletea kumbukumbu zake. Akakaa barazani kwa shangazi, akaandika mistari yake sita ya programu, akabonyeza.

"Haina kasoro hata moja," akasema, kichwa kimemvimba kidogo.

Shangazi alikuwa akigonga vyungu kwa kifundo cha kidole kabla ya kuvifunga kwa majani makavu ya mgomba. Kilicho kizima hulia; chenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Hakuinua uso.

"Ina miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, shangazi."

"Imefanya kazi miaka yote hiyo, haina masizi? Chungu cha hivyo ama hakijawahi kupika, ama kimesuguliwa kiuzwe. Hebu uliza tena, mwanangu. Uliza imepika nini."

Anyisile alitaka kucheka, kisha akaona aibu. Programu yake ilikuwa imeomba kasoro peke yake, tena za ukaguzi wa mwisho tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga macho. Akafuta masharti hayo, akaomba kumbukumbu zote za miaka yote.

Yakashuka mambo. Kutu kwenye chesisi, mara tatu. Maili laki moja na nusu mwaka mmoja, elfu sabini mwaka uliofuata. Pikapu ilikuwa imerudi ujanani.

Asubuhi Hezroni alioneshwa kompyuta, akasema naye aliuziwa hivyohivyo. Huenda ni kweli. Nyuma ya yadi alikuwa na nyingine iliyotoka Uingereza, ya kijani, mlango umebonyea, ambayo hakuwahi kumwonesha mteja bila kuomba radhi. Anyisile akaingiza namba yake. Breki zilikataliwa mara moja tu, zikatengenezwa wiki hiyohiyo, ikapita. Tairi, taa, ikapita. Maili zilipanda taratibu, mwaka kwa mwaka.

"Hii imepika," shangazi akasema. Akaugonga ule mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akina mama wote wamemzunguka. "Ndaga fijo, asante sana, Anyisile. Leteni hizo karatasi."

Jumamosi vyungu vilifika sokoni Kyela. Kilivunjika kimoja tu, nacho alikiangusha Anyisile mwenyewe wakati wa kushusha.