Friza ya Kona

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, nilichomoa plagi ya friza ya kona kwa mkono wangu huu wa kulia. Barua ya onyo niliyopewa nayo inaanza hivyo hivyo. Isichosema ni nani aliyeniamuru.

Kazi yangu ni kulisha wanyama katika kituo cha utafiti. Nina panya mia mbili, popo kadhaa, na fuko wasio na manyoya. Wanachunguzwa jinsi wanavyozeeka. Panya na fuko hao wanakaribiana kwa ukubwa, lakini panya mwaka wa tatu humaliza kwa shida, na kuna fuko niliyemkuta kazini, sasa ana miaka ishirini na saba, bado anatafuna viazi kama kijana. Mtafiti wetu, mama mmoja tunayemwita Daktari wa Panya, alinieleza siku moja nikisafisha vizimba.

"Panya analiwa na paka na bundi kabla hajazeeka, kaka. Sasa asili imkarabati ya nini? Akishazaa, basi. Fuko anaishi chini, haliwi ovyo, ndiyo maana vinasaba vya kukarabati mwili vimedumu kwenye ukoo wake."

"Kumbe asili nayo ni kama mkurugenzi wetu," nikamjibu.

Alicheka. Mimi nilikuwa na mgonjwa nyumbani.

Mke wangu alianza kuzeeka akiwa na miaka thelathini na moja. Mvi, macho yakaingia ukungu, ngozi ikasinyaa. Mama yake alikwenda hivyo hivyo. Alipofika arobaini, muuza mkaa aliniambia mbele yake, "Mzee, mama yako umemtunza vizuri, Mungu atakulipa."

Mke wangu akadakia, "Huyu? Mkorofi tangu utotoni. Mpunguzie bei, labda atatulia."

Tulicheka njia nzima. Nyumbani akajifungia bafuni, akaacha bomba linamwaga maji ili nisimsikie.

Daktari wa Panya alimwomba damu na kipande cha ngozi. Alisema kasoro imejificha kwenye vinasaba ambavyo hata panya na fuko wanavyo, ila hajajua iko wapi. Mke wangu alikubali kwa sharti moja: "Ukiijua, mwambie binti yangu. Mimi nimeshachelewa." Kisha akauliza mbona ugonjwa haukumjia akiwa msichana.

Daktari akamjibu, "Ugonjwa ungekuja mapema usingezaa, dada, nao ungeishia kwako. Unaosubiri mtu azae kwanza ndio unaopita kwa watoto."

Tulimzika Novemba, ana miaka arobaini na mbili.

Hiyo Jumanne kituo kilikuwa na wageni wazito. Daktari alikuwa mbali huko mapangoni akikamata popo. Mkurugenzi akaniita stoo. "Mzee, friji ya soda haina pa kuchomekwa. Toa hiyo friza ya kona, masaa mawili tu."

"Bosi, mle mna nini?"

"Mavi ya popo, nijuaje mimi? Chomoa."

Nikachomoa. Nikatumwa getini kupanga magari. Niliporudi, stoo imefungwa na ufunguo anao yeye. Nikamfuata ofisini. "Imesharudishwa," akasema bila kuinua macho. "Kalishe panya wako." Kesho yake nikauliza tena, akanifukuza kama kuku jikoni.

Daktari alirudi siku ya tisa. Nilianza kusikia harufu, kisha nikamsikia analia. Mle ndani ndimo ilimokuwa damu ya mke wangu na ile ngozi, vyote vimeoza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yumo mle. Sisi tunaozoa mavi hatuambiwi kilichomo kwenye friza, tunaambiwa chomoa. Na sasa picha ya mkurugenzi na wageni imetundikwa ukumbini, kashika chupa ya soda, meno yote nje.

"Si uchukue damu ya binti?" nikamwambia Daktari.

"Nimeshaichukua, kaka. Kila mtu ana tofauti zake maelfu kwa maelfu. Bila damu ya mama yake, sijui ipi ndiyo yenyewe." Ndugu wengine upande huo hakuna; ukoo umekwisha.

Nimekwenda kwa mkurugenzi mara nne. Mara ya nne mlinzi alinishika mkono, mtu niliyekula naye miaka kumi, akaninong'oneza, "Mkubwa wangu, utafukuzwa. Nenda nyumbani."

Jana jioni binti yangu alikuja. Ana miaka ishirini na sita, uso bado laini, na mimba ya wiki saba ambayo mumewe bado hajaambiwa. Nikamweleza yote, hata kwamba mkono uliochomoa ni wangu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Baba, mama alinizaa hajui," akasema. "Mimi ninajua nusu. Nizae?"