Nchi ya Vidole Virefu

Siku ile nilirudi nyumbani jua likiwa utosini, sikugusa chakula, nikajinyoosha mkekani na kanga usoni nipumzike kidogo kabla ya mkutano wa saa kumi. Asubuhi tulikuwa tumechoma vyungu arobaini vya watu wa kanisa, na ishirini na vitatu vikapasuka motoni, pa! pa! pa!, wazee wa kanisa wamesimama wanatazama. Msimamizi nilikuwa mimi. Mama Eliamani, mkuu wetu wa kikundi cha ufinyanzi, alikuwa anastaafu, akanipa siku ile niongoze peke yangu ili Jumamosi anikabidhi kazi. Anayeongoza hukiweka kila chungu shavuni kabla hakijaingia motoni. Kikiwa baridi, bado kina maji ndani, na kitapasuka. Nami sikuviweka, maana wazee walikuwa wanangoja na nilitaka waone nina mkono mwepesi. Vilipopasuka nikasikia ulimi wangu unasema, "Ni Namkunda huyo! Ndiye aliyeanika." Namkunda ni mjane, hana kazi nyingine ila udongo. Wanawake wakakubaliana kwamba kwenye mkutano wa saa kumi wamtoe kikundini. Mama Eliamani alinitazama tu, akaokota kigae kimoja, akaondoka.

Basi usingizi ukanichukua, nikajikuta natembea katika nchi nyekundu isiyo na kivuli, anga yake imeinama karibu na kichwa na ina rangi ya kaa linalotaka kuzimika, ardhi imepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka. Hapakuwa na ndege wala upepo. Kilichosikika ni mkwaruzo tu, kwaruu, kwaruu, kama watu wengi wanaburuta kuni mahali nisipopaona. Nikageuka, nikamwona ubavuni mwangu mwanamke mwembamba aliyejifunika shuka jeupe mpaka puani, anatembea bila haraka kama mtu anayeijua njia na haipendi.

"Shikamoo," nikasema, maana sikuujua umri wake.

"Marahaba, Nakiete. Naitwa Haya. Asubuhi pale penye moto nilikuita, hukugeuka."

"Hapa ni wapi, mama?"

"Kwa wakubwa. Tembea polepole, sikiliza kuliko unavyosema, na kiti watakachokupa usikikalie."

Ndipo nikawaona wenye mkwaruzo. Walikuwa watu wa heshima, wamevaa vizuri, lakini kila mmoja kidole chake cha shahada kimerefuka kupita mchi, kupita kamba ya kisima, anakiburuta nyuma yake vumbini. Haya akaniambia kwamba kila wanapomnyooshea mtu kidole kinaongezeka, na kwamba yule wa mbele aliyepinda mgongo ndiye Lawama, mfalme wao, ambaye kidole chake kimeizunguka nchi mara mbili na mwenyewe hajui tena kinaishia wapi. Nikaficha mkono wangu ndani ya kanga.

Hatukufika mbali, akatujia mbio mtu mnene mwenye midomo inayong'aa mafuta. Huyo alikuwa Sifa. "Hee! Mama mkuu mwenyewe! Mbona unakuja kwa miguu kama muuza mchicha? Panda, panda kiti chako, watu wamechoka kukungoja!"

"Muulize kiti kimejengwa kwa kitu gani," Haya akasema.

"Wewe bibi nawe! Kila shughuli ya watu lazima uje kuikunjia uso!"

Wakacheka wote, nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikapanda. Kiti kilikuwa kirefu kama dari ya kanisa, cha udongo mbichi, laini, chenye joto. Nilipokaa walinipigia vigelegele. Halafu kiti kikavuta pumzi. Nikatazama chini, nikaona kimejengwa kwa wanawake walioshindiliwa pamoja, bega juu ya bega, na pale nilipoegemeza kiganja palikuwa na uso wa Namkunda, macho wazi.

"Dada," akasema taratibu, "unanikalia."

Nikataka kuteremka, miguu imeganda. Mbali huko chini nikamwona Mama Eliamani anakwenda zake kwenye lango la nchi ile, mikono mitupu, mgongo umenyooka. Nikafungua mdomo nimwite, na kilichotoka kilikuwa, "Ni Namkunda!" Kidole changu kikarefuka shubiri nzima. Nikajaribu tena, "Ni Namkunda!" na kidole kikagusa ardhi.

"Karibu nyumbani," akasema Lawama, na kwa mkono mwingine akaashiria moto uletwe. "Tumchome sasa, awe mkuu wa milele."

Moshi ulipoanza kupanda Haya naye akapanda, akajifunua uso, akaliweka shavu lake kwenye shavu langu.

"Baridi," akasema. "Huyu ana maji tele."

"Maji gani, mama? Niambie upesi!"

"Neno ulilolimeza. Lisipotoka kwa mdomo, litatoka kwa mlio."

Na hapo hapo, kifuani mwangu, nikasikia pa! ya kwanza.

Niliamka kanga imelowa jasho, jua bado limelala mlangoni. Nikakaa mkekani, na jambo moja likanijia polepole, kama mtu anayepiga hodi na kungoja. Miaka ishirini na sita nimefinyanga chini ya Mama Eliamani. Vimepasuka vyungu, vimepinda, vimeanguka njiani kwenda mnadani, na mpaka leo sijui nani aliharibu hata kimoja. Sijui kwa sababu kila mara, kabla mmoja wetu hajafungua mdomo, yule mama alikuwa ameshasema, "Hapa nimekosea mimi," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. Tulidhani ni upole wake tu. Kumbe alikuwa anafundisha, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naiangalia mikono yake tu.

Nilifika mkutanoni bila viatu. Namkunda alikuwa amekaa pembeni, mzigo wake wa vifaa umeshafungwa. Sikungoja kufunguliwa kikao. Nikasema yote, shavu, wazee, na ulimi wangu.

"Ala!" mmoja akaruka. "Na ulivyomkazia macho mwenzio! Kumbe mchawi ni wewe!"

"Na Jumamosi asahau," mwingine akadakia.

Namkunda hakunitazama. Alianza kufungua mzigo wake, fundo moja baada ya jingine.

Ndipo Mama Eliamani akasimama, akajifuta vumbi la udongo kwenye viganja, kelele zikafa.

"Jamani, mwacheni," akasema. "Hapa nimekosea mimi. Nimemkabidhi moto kabla hajakauka. Sistaafu mwaka huu."